Kitabu cha Kuchekesha Nilichomsomea Nkambo

Kitabu chenyewe nilipewa na mgeni. Nafanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni hapa mjini, upande wa Karavia, na wateja wetu wengi ni watu wa migodi: Wachina, watu wa Afrika Kusini, siku hizi na Waingereza. Kifaransa changu hakina neno. Kiingereza nilikisomea jioni baada ya kazi, na nilidhani nakijua, mpaka alipokuja kukaa kwetu mzee mmoja Mwingereza. Kila asubuhi alipokuwa akirudisha ufunguo alinifanyia mzaha, uso umekauka kabisa, na kila asubuhi mimi nikamjibu kwa dhati. Siku moja akasema mbu wa chumbani kwake wanaulizia chai yao ya asubuhi. Nikaita mtu wa kupulizia dawa.

Siku ya kuondoka akaniwekea kitabu mezani. Cha zamani, jalada limelegea, kinanuka kabati. Akasema ni hadithi ya kuchekesha inayotokea kwenye jumba kubwa la shambani, kwao watu wameisoma tangu enzi za babu zao, na siku nitakayoicheka ndiyo nitajua kwamba Kiingereza kimeniingia.

Basi nikakisoma. Maneno karibu yote niliyaelewa, na yaliyonishinda niliyatafuta kwenye simu. Sikucheka hata kidogo. Na mimi nina ugonjwa mmoja tangu utoto: kitu nisichokielewa hakinipi raha. Mama anasema ningeachiwa, ningefungua redio zote za mtaa nione nani anazungumza ndani. Watu wazima, wenye akili zao, wanacheka nini humu? Swali hilo nilitembea nalo wiki nzima, na Jumapili nikaenda nalo Annexe, pembeni mwa mji, kwa Nkambo.

Nkambo kwetu ni babu au nyanya; huyu ni baba yake baba. Alitoka kaskazini ya Katanga akiwa kijana kuja kufanya kazi ya reli, na alipostaafu akajenga Annexe, kwenye lupango, yaani kiwanja, kikubwa ambacho wakati ule kilikuwa bado pori. Uwanja una mahindi, mihogo, matembele na bata wasio na adabu. Vyumba alijenga vingi kuliko watoto wake, kwa sababu, alisema, ndugu wa kaskazini hawapigi hodi, wanafika tu. Na kweli walifika. Jumapili za utoto wangu ni za nyumba ile: misa, kisha sufuria ya bukari, ugali wetu, ambayo mama wawili wanaisonga kwa kupokezana, na sebuleni kuna mtu amelala ambaye hakuna anayejua vizuri anatuhusu vipi. Siku hizi ndugu wamepata nyumba zao, wameondoka mmoja mmoja. Msimu wa baridi uliopita mke wake, Nkambo mwanamke, akafariki. Mzee akabaki na vyumba vyake.

Sasa hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo mengine yote hayana maana. Kwetu mjukuu wa kike ni bibi wa babu yake, na bibi kwetu ni mke. Ni utani wa kuzaliwa nao. Tangu natambaa Nkambo aliniita bibi yangu, na Nkambo mwanamke akaniita mwenzangu, kama wanavyoitana wake wa mume mmoja. Alikuwa akinishika mikono, anakagua vidole, kisha anawaambia wageni, "Muone mwenzangu. Mume wetu alidanganywa, ameoa muvivu." Hapo ni zamu yangu. Ukinyamaza umeshindwa, na ukikasirika wanasema hukulelewa. Nami namwambia yeye amezeeka, ahamie jikoni aniachie chumba. Watu wanashika mbavu. Sheria ni moja tu: unajibu, tena kwa neno kali zaidi.

Kwenye kilio chake watani wa ukoo walikuja kama inavyopasa. Mama mmoja kati yao akajifunga kitenge cha marehemu, akatembea kama yeye, mkono kiunoni, akasimama mbele ya Nkambo akamgombeza kwa kuingiza tope ndani ya nyumba. Sauti ilikuwa ile ile. Uwanja mzima ulicheka huku machozi yanatoka, na hiyo ndiyo kazi ya watani, kutuvusha. Nkambo hakucheka. Aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Tangu siku ile hakuniita tena bibi. Aliniita mutoto wangu. Ni neno zuri, hakuna mtu anayeweza kulilalamikia, na kila alipolitamka liliniuma. Nilikuwa nimempoteza mwenzangu, sawa, Mungu amempenda. Lakini mume wangu alikuwa hai, amekaa kwenye kiti chake cha kamba, na ameniacha.

Na kulikuwa na jambo la Tantine. Tantine ni mtoto wa kwanza wa Nkambo, dada mkubwa wa baba, anakaa Luano, karibu na uwanja wa ndege, ndege zinapita juu ya paa lake. Alishamtengenezea mzee chumba huko, na pazia jipya, na choo chake mwenyewe. Nyumba ya Annexe ingefungwa. Sitaki mumwone Tantine vibaya. Ni mtu wa kuamua, basi. Alishamkuta Nkambo mara moja amekaa mchana kutwa bila kula, bukari ya jana imekauka mbele yake, na hofu yake aliisema wazi mbele yetu wote. "Siku moja nitafika hapa nimukute chini. Kiisha nitafanya namna gani?" Nkambo mwenyewe hakusema ndiyo wala hapana. Siku hizo hakusema kitu kuhusu kitu chochote.

Jumapili ile nilikaa kwenye ngazi, kitabu mapajani, nanung'unika peke yangu. Nkambo akageuza kichwa.

"Banasema nini humo?"

Nilishangaa. Sikumbuki lini mara ya mwisho alikuwa ameuliza swali. Nikaanza kumsimulia kabla hajabadili mawazo: nasoma kipande kimoja kimoja kwa macho, kisha nakitoa kwa Kiswahili chetu. Kuna mzee tajiri, nikamwambia, ana jumba kubwa shambani, anakaa na dada yake mjane. Dada ndiye anayeamuru kila kitu. Amekuja mgeni wa siku mbili, na mgeni haondoki. Wiki zinapita, anakula, analala, anapanda farasi wa watu. Hakuna anayekumbuka nani alimwalika, na wote wanaona aibu kumuuliza.

Nkambo alifikiri.

"Banamunyima chakula?"

"Hapana, Nkambo. Anakulaka muzuri."

"Anaiba?"

"Haibi."

"Anagombana na bantu?"

"Hapana. Eko tu."

"Sasa shida iko wapi?"

Nilitazama lile jumba kwa macho yake na sikuona shida yoyote. Mgeni ambaye hajulikani alialikwa na nani alishalala kwenye sebule yetu miaka na miaka. Mmoja tulimzika sisi, na hadi leo hatujui alikuwa wa upande gani. Kumbe ndiyo maana nilishindwa kucheka. Nilikuwa nimekaa ndani ya kichekesho maisha yangu yote, nikidhani ni nyumba tu.

Jumapili iliyofuata Nkambo alikuwa ameshatoa kiti cha pili nje.

Tukaendelea hivyo. Tantine naye akawa anakuja baada ya misa na chakula chake kwenye masufuria yaliyofungwa kitambaa, anasimama mlangoni akijifanya anasubiri vyombo, na anasikiliza. Yule dada wa kwenye kitabu ni mwanamke wa kutisha. Anaamua saa ya watu kulala, anaamua kaka yake avae nini, anamfichia barua za marafiki. Mwandishi anamcheka kila ukurasa. Mimi na mdogo wangu, aliyekuwa akinifuata Annexe siku hizo, tulikuwa tukitazamana chini kwa chini, maana yule mama tulikuwa tunamjua. Tantine akakunja mikono akasema, "Ule mama iko na haki. Nyumba bila muntu wa kuamuru inaharibika." Nikainamisha uso kwenye kitabu nisionekane.

Lakini mtu wa Nkambo alikuwa mwingine. Humo ndani kuna mtumishi, mzee kuliko bwana wake, kazi yake kumvalisha. Huyu kila asubuhi anamtolea bwana neno moja baya, kwa adabu zote, ameshika viatu mkononi. Anamwambia suruali ile ingemfaa farasi. Anamuuliza kama kofia ameivaa au imemwangukia. Bwana anachukia, anaguna, na hamfukuzi.

"Ule ni mutani wake," Nkambo akasema.

Nikamweleza kwamba Waingereza hawana jambo hilo. Yule ni mfanyakazi, analipwa mshahara.

"Banalipaka muntu juu ya kubatania?"

"Hapana. Banamulipa juu ya viatu. Ile ingine anafanya yeye mwenyewe."

"Basi ni mutani," akasema. "Viatu ni kisingizio. Ukoo wake ni gani?"

Nikasema kitabu hakisemi. Akaniambia nitafute vizuri, haiwezekani kitabu kinene namna ile kikasahau kitu cha maana. Nilitafuta, jamani. Nilirudi nyuma kurasa nyingi nikitafuta ukoo wa mtumishi wa Kiingereza, na Tantine mlangoni akatoa maoni kwamba huenda ni wa upande wa mama. Wakakubaliana hivyo, baba na mwanawe, na mimi nikabaki na kamusi yangu kwenye simu kama mtu aliyekuja kuuza kitu wasichohitaji.

Hata hivyo, kuanzia hapo kitabu kilianza kunifungukia. Kila mtumishi alipotoa neno lake, nililisikia kwa masikio ya utani, nikajua wapi kuna uchungu na wapi kuna mapenzi. Nilikuwa nakaribia kucheka. Kicheko kilifika kooni, kikashuka.

Mawingu ya mvua za kwanza yakaanza kukusanyika. Tantine akasema, "Papa, kitabu kikiisha, tunaenda Luano. Mvua haitakukuta humu." Nkambo akasema sawa. Alisema kwa urahisi sana. Usiku nikapima kurasa zilizobaki kwa kidole. Zilikuwa chache.

Nikafika mahali ambapo, mbele ya wageni, bwana anamkaripia mtumishi wake. Alikuwa amegombezwa na dada yake na hasira akamshushia asiyehusika. Tangu hapo mtumishi hasemi tena neno baya. "Ndiyo, bwana." "Vizuri, bwana." Viatu vinang'aa, chai inafika kwa saa yake, na nyumba inapoa. Bwana anavaa makusudi kofia mbaya, anasimama mbele ya mtumishi, anangoja. Mtumishi anasema, "Kofia nzuri, bwana." Nadhani Waingereza hapo wanaanguka kwa kicheko. Nkambo alishika mikono ya kiti chake.

"Amemwazibu sana," akasema. "Mutani akinyamaza, ni azabu. Bora angemupiga."

Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wanalijua hilo. Nikafunga kitabu.

"Na weye, Nkambo? Weye ulininyamazia tangu kilio. Miye nilikukosea nini?"

Tantine alikuwa ameinama anafunga sufuria. Akabaki vile vile. Nilishajua nimevuka, mtu hamuulizi mzee hivyo, lakini neno lilishatoka.

Nkambo hakukasirika. Aligeukia mihogo, akaongea na mihogo.

"Bibi amekufa. Nikisema bibi yangu, ni weye unaitika. Miye minasikiliza kama kuna mwengine ataitika nyuma yako."

Sheria inasema unajibu, na mimi sikujibu. Nilikuwa nimemlilia mwenzangu kwa miezi na kamwe sikufikiri kwamba jina langu lilikuwa na watu wawili ndani. Tantine alinyanyua masufuria yake, akaenda nayo jikoni, akakaa huko mpaka macho yake yakawa sawa.

Sura ya mwisho tuliisoma Jumapili yenye joto zito, mvua imekataa kunyesha. Tantine alikuja na pikapu na kamba. Alikuwa ameshatoa godoro la Nkambo nje, limekunjwa na kufungwa, akakaa juu yake ili asikilize, maana na yeye alitaka kujua mwisho. Mwisho wenyewe ni huu. Dada anajipa moyo, anamuuliza mgeni mbele ya wote ni nani alimwalika. Mgeni anatoa mfukoni mwaliko, na mwandiko ni wa dada mwenyewe, alisahau. Tantine akasema, "Ah, inatokeaka," kama mtu anayemtetea jirani.

"Achana na ule," Nkambo akaniambia. "Mutani alisema?"

Nikasoma kwa macho. Asubuhi ya mwisho bwana anashuka ngazi amevaa koti lake jipya, hana matumaini tena, hata hamtazami mtumishi. Mtumishi anamfungulia mlango, anamkagua kuanzia chini mpaka juu, anamuuliza: bwana anakwenda kula, au anakwenda kuzikwa?

Nilianza kulitoa kwa Kiswahili na sikulimaliza. Nilicheka. Kilinitoka chote kile nilichokuwa nacho kooni tangu Karavia, nikacheka mpaka kitabu kikaanguka, na nikitaka kueleza nashindwa, naonyesha tu koti kwa mikono. Nilimuwaza yule bwana wa kitabuni amesimama mlangoni amerudishiwa tusi lake la kila asubuhi. Nilipofanikiwa kulisema, Nkambo alitikisa kichwa polepole, ameridhika, kama mtu aliyesikia treni imefika salama.

Tantine akasimama, akapangusa sketi.

"Kitabu kimeisha. Papa, tuende."

Nkambo hakuinuka.

"Kwenda wapi? Unasema niko peke yangu humu. Siko peke yangu. Niko na bibi." Akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Shida ya ule bibi, anakaaka kwa baba yake. Ulisikia wapi bibi wa muntu anakuya Jumapili tu, na kitabu mukononi, hata bukari hasongi?"

Nilijua zamu ni yangu. Safari hii nilijibu.

"Na ulisikia wapi mume anaacha bibi miezi yote hii bila kumuita? Ningeshaolewa kwingine."

"Nani angekuoa na ile vidole," akasema Nkambo.

Tantine akakaa tena juu ya godoro. Akaniangalia kwa muda, si kwa ukali, ananipima kama anavyopima kitambaa kabla ya kukata. Akauliza kama nitaweza: kazi Karavia, kulala Annexe, kuamka na giza, chakula cha mzee, dawa za mzee. Nikasema nitaweza kabla sijafikiri, na mpaka leo sijapata muda wa kufikiri. Akasema atapiga simu kila jioni. Nikasema najua. Akafungua kamba za godoro yeye mwenyewe, kwa meno fundo lilipomshinda, na mvua ya kwanza ikamkuta analirudisha ndani.

Nilihamia wiki ile na begi moja. Nilichagua chumba cha karibu na jikoni, kile walichokuwa wakilala wageni wa kaskazini. Asubuhi ya kwanza niliamka mapema nikachemsha chai, nikaweka maziwa ya unga na tangawizi kama nilivyokuwa nikimwona Nkambo mwanamke akifanya, nikampelekea mzee nje kwenye kiti chake. Alipuliza. Akanywa kidogo. Akashusha kikombe gotini.

"Mwenzako alipikaka chai muzuri kuliko weye," akasema.

Tangu kilio hakuwa amemtaja kwa utani, hata mara moja, kwa mtu yeyote. Nikakumbuka sheria, na nikakumbuka jinsi yeye mwenyewe angenidharau kama ningenyamaza.

"Basi umuite akuye apike."

Nkambo akacheka. Alicheka bila sauti, mabega tu, mpaka akavua miwani na kuipangusa kwenye shati, akaivaa, akaivua tena.

"Minamuita kila siku," akasema. "Haitiki. Sasa leta sukari, bibi yangu."

Nikaenda kuleta sukari.